Mwanangu anataka kwenda jangwani peke yake kupiga picha ndege. Nimkataze?

Mama mmoja msomaji wa safu hii, mkazi wa Morogoro, ameniandikia. Nimefupisha barua yake:

“Dada, salaam. Kijana wangu ana miaka 24, yuko Adelaide, Australia, anamalizia shahada ya uzamili. Tangu afike huko amependa ndege. Si ndege za abiria, ni ndege wa porini. Amenunua kamera na lenzi ndefu kama bomba la maji. Sasa anasema Julai chuo kikifungwa atakwenda jangwani na gari, peke yake, siku kumi, kupiga picha. Baba yake amesema akienda asimpigie tena simu. Kijana akanipigia mimi pembeni: ‘Mama, nitakwenda, ila usimwambie baba.’ Nina siri ambayo hainipi usingizi. Nimkataze? Nimwambie baba yake? Au nikae kimya nimwombee?”

Mama, pole kwa kukosa usingizi. Jibu langu kwa kifupi ni hili: usimkataze, na usikae kimya. Mfundishe kuaga.

Najua utashangaa, kwa sababu kuaga ni jambo tunalowafundisha watoto wa miaka minne. Lakini hebu tuliangalie vizuri. Mtu mzima wa miaka 24 aliye ng’ambo ya Bahari ya Hindi hazuiliki kwa simu. Ukimkataza, ama ataacha kwa kinyongo, ama atakwenda bila kusema. Hilo la pili ndilo la kuogopwa. Katika nchi kavu kama ile, anayekwama huku hakuna anayejua alipita njia gani wala alitakiwa kurudi lini, ndiye anayeanza kutafutwa wakati muda umeshapita.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama aende au asiende. Swali ni kama atakwenda ameaga au ametoroka.

Anakokwenda ni wapi hasa?

Hofu hupungua mtu akijua anachokiogopa. Waaustralia huita bara lao la ndani “outback”, yaani kule nyuma, mbali na pwani wanakoishi watu wengi. Hukuniambia kijana atapita njia ipi, na hilo nalo ni la kumuuliza. Ila kwa anayetoka Adelaide, mojawapo ya njia maarufu ni kwenda kaskazini hadi Marree, kama kilomita 680, kisha kuingia barabara ya vumbi na mawe iitwayo Birdsville Track.

Barabara hiyo ina kilomita 517, kutoka Marree katika jimbo la South Australia hadi Birdsville katika jimbo la Queensland. Ni zaidi ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Tofauti ni kwamba hapa katikati hakuna Chalinze wala Morogoro. Kuna sehemu moja ya kununua mafuta, Mungerannie. Birdsville yenyewe ina wakazi takribani 100. Kwa sehemu kubwa ya njia simu ya kawaida haishiki mtandao.

Jambo moja la kumpongeza kijana wako: mwezi ameuchagua vizuri. Julai kule ni majira ya baridi. Mchana jua ni la kuvumilika, usiku baridi inaweza kukaribia nyuzi sifuri. Kiangazi chao, Desemba hadi Februari, joto hupita nyuzi 40, na hifadhi kubwa ya jangwa iliyo jirani, Munga-Thirri–Simpson Desert, hufungwa kabisa kwa wageni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 kila mwaka. Kama angekwambia anakwenda Januari, jibu langu lingekuwa tofauti.

Na hao ndege wana nini?

Wazazi wengi hukwama hapa. “Ndege si wapo hata Mikumi?” Wapo, na wazuri. Lakini ukitaka mwanao akusikilize habari za maji na tairi, msikilize kwanza habari za ndege. Nitakupa machache ya kuanzia mazungumzo.

Unawafahamu wale kasuku wadogo wanaofugwa kwenye vizimba mjini, wa kijani, bluu na njano? Kwao ni huko. Porini wote ni kijani na njano. Rangi nyingine zimetokana na ufugaji. Jangwani huruka kwa makundi makubwa wakifuata mvua na maji, kundi zima likigeuka angani kwa wakati mmoja. Mpiga picha anaweza kukaa asubuhi nzima kando ya dimbwi akiwasubiri washuke kunywa.

Karibu na Marree kuna ziwa liitwalo Kati Thanda–Lake Eyre, ambalo kina chake cha chini kiko kama mita 15 chini ya usawa wa bahari. Muda mwingi ni chumvi tupu inayong’aa. Miaka ambayo mafuriko ya Queensland yanalifikia, mwari huja kwa maelfu kuzaliana huko, katikati ya jangwa.

Kuna pia kasuku wa usiku, ndege ambaye kwa miongo mingi wataalamu walidhani ametoweka duniani. Mwaka 1990 mmoja aliokotwa amekufa kando ya barabara huko Queensland. Mwaka 2013 akapigwa picha akiwa hai. Mwaka 2024 walinzi wa ardhi wa jamii ya Wenyeji wa Ngururrpa, wakishirikiana na wanasayansi, walitangaza kwamba wamebaini kundi kubwa zaidi linalojulikana, katika jangwa la Great Sandy, upande wa magharibi mwa nchi. Kijana wako hatamwona, na wala hapaswi kumfukuzia, kwa sababu maeneo yake hulindwa. Lakini ukilijua hilo utaelewa kwa nini mtu anaweza kuendesha gari siku nzima kwa ajili ya kiumbe kinachotosha kiganjani. Nchi ile bado inaficha vitu.

Sasa wawili wanaotuhusu sisi wazazi moja kwa moja.

Wa kwanza ni emu, ndege mkubwa asiyeruka, anayefanana kidogo na mbuni wetu. Jike akishataga, dume ndiye anayeatamia. Hukaa juu ya mayai kama wiki nane, akila na kunywa kidogo sana, hadi anakonda. Vifaranga wakitoka huwaongoza miezi mingi, akimfukuza yeyote anayesogea. Kisha siku inafika, kila mmoja anashika njia yake.

Wa pili ni mdogo kuliko shomoro, ana mdomo mwekundu, Waingereza humwita zebra finch. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Deakin, Mylene Mariette na Katherine Buchanan, walichapisha jambo la kushangaza. Joto likizidi nyuzi 26, katika siku za mwisho kabla ya mayai kuanguliwa, mzazi huyaimbia mayai kwa sauti maalumu. Vifaranga waliosikia sauti hiyo wakiwa ndani ya yai, wakitoka kwenye kiota chenye joto hukua na mwili mdogo zaidi, jambo ambalo watafiti waliona linawasaidia kwenye joto.

Mzazi yule hana uwezo wa kupunguza jua la jangwa. Anachofanya ni kumwandaa mtoto mapema kwa joto linalomsubiri. Mama, kazi yako sasa ni hiyo.

Kinachoua ni nini?

Tukisikia Australia tunawaza nyoka. Wapo, na wana sumu kali. Lakini katika safari ya namna hii, cha kuogopa zaidi ni gari kukwama, maji kuisha, na mtu kuamua kutembea.

Desemba 1963, familia moja ya watu watano, baba, mama na wana watatu wa kiume, ilisafiri kwenye njia hiyohiyo ya Birdsville wakati wa Krismasi. Walipotea njia, mafuta yakawaishia, maji nayo yakapungua. Wakaliacha gari kwenda kutafuta msaada. Gari lilipatikana. Wao walipatikana mbali nalo, wote watano wamefariki. Mpaka leo kisa chao husimuliwa kwa wasafiri wa njia hiyo.

Fundisho lake ni moja, na naomba kijana wako alirudie kwa mdomo wake mwenyewe kwenye simu: gari likikwama, unabaki kwenye gari. Gari ni kivuli. Gari linaonekana kutoka angani. Mtu aliyelala chini ya kichaka haonekani. Maji yako yamo ndani ya gari, na anayetembea juani anayamaliza upesi kuliko aliyekaa kivulini.

Kwa mpiga picha wa ndege kuna hatari moja ya ziada, ndogo kwa kuisikia. Ndege anaruka hatua ishirini mbele, unamfuata. Anaruka tena, unamfuata. Macho yako yako kwenye kioo cha kamera, hayako ardhini. Uwanda wa mawe mekundu unafanana pande zote. Dakika kumi baadaye unageuka na gari hulioni. Kwa hiyo kuna sheria ya pili: akishuka garini abebe maji hata kama ni kwa picha moja, aweke alama ya mahali gari lilipo kwenye simu au kifaa cha GPS, na akifika mahali halioni tena gari, arudi. Ndege amwache.

Habari njema ni kwamba picha nzuri nyingi hupigwa kutoka ndani ya gari. Ndege humwogopa mtu aliyesimama kuliko gari lililozimwa. Akiegesha mbali kidogo na maji alfajiri, akashusha kioo na kutulia, watamjia. Na asikae juu kabisa ya dimbwi, wala asipige kambi kwenye kisima cha mifugo. Mahali penye maji pamoja tu, mtu mmoja aliyeng’ang’ania picha anaweza kuwanyima maji viumbe vyote vilivyotembea usiku kucha kuyafuata.

Peke yake, lakini ana mtu

Watu wazoefu wanaosafiri peke yao nchi ile hawasafiri bila mtu. Wana mtu mmoja aliyebaki ambaye ana kazi rasmi: anajua njia, anajua siku, na anajua saa ya kuanza kutafuta.

Mama, mtu huyo usiwe wewe peke yako. Sababu ni ya kawaida kabisa: namba ya dharura ya Australia, 000, hupigwa ukiwa ndani ya Australia. Ukiwa Morogoro huwezi kuipata. Ni lazima awepo mtu wa pili aliye kulekule, rafiki wa chuo, mwenye nyumba, au Mtanzania mwenzake wa Adelaide. Wewe uwe na namba ya huyo mtu, naye awe na yako. Mwongee naye kabla ya safari, hata dakika tano, msalimiane, ili siku ukimpigia usiwe mgeni.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Haya ndiyo ya kumuuliza kijana, na majibu yake yaandikwe, nakala moja kwako na moja kwa mtu wa Adelaide.

*1. Njia.* Utapita wapi, utalala wapi kila usiku, utarudi siku gani? Ukibadili njia, utamwambia nani kabla ya kugeuza gari?

*2. Gari.* Ni gari la kuendesha magurudumu yote manne? Kama ni la kukodi, mkataba unaruhusu barabara ya vumbi? Mikataba mingi hairuhusu, na bima inakufa pale lami inapoishia. Una matairi mangapi ya akiba, jeki, na pampu ya upepo? Umewahi kubadili tairi la gari hilo mwenyewe, kwa mikono yako? Kama hajawahi, afanye hivyo nyumbani kwanza.

*3. Maji na mafuta.* Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kubeba hadi lita 10 za maji kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku za kukwama. Yawe kwenye madumu zaidi ya moja, maana dumu moja likitoboka yote yanakwenda. Chakula cha siku kadhaa za ziada. Mafuta ajaze kila anapopita pampu, hata kama tenki liko nusu.

*4. Kifaa cha kuitia msaada.* Kuna kifaa kidogo, kinatosha mfukoni, ambacho ukikiwasha hutuma ishara ya dharura kwa masafa ya 406 kupitia setilaiti, bila kutegemea mnara wa simu. Ishara hufika kwenye kituo cha uokoaji cha mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, AMSA, kilichoko Canberra, ambacho hushughulikia na nchi kavu pia. Kuna cha kununua na cha kukodi. Kisajiliwe AMSA, usajili ni bure, na kwenye usajili waandikwe watu wa kupigiwa: mtu wa Adelaide kwanza. Kifaa akivae mwilini. Kikiwa kwenye begi, begi likiwa garini, yeye akiwa nyuma ya kilima, hakina msaada.

*5. Barabara.* Mvua kidogo hugeuza vumbi lile kuwa tope, na serikali za majimbo hufunga barabara. Kuendesha kwenye barabara iliyofungwa kuna faini. Aangalie taarifa za barabara kila anapopata mtandao. Na asiendeshe usiku: kangaruu huzagaa barabarani kuanzia jua linapozama, na malori ya huko huvuta matrela hata urefu ukapita mita 50.

*6. Ruhusa.* Sehemu nyingine ni ardhi ya Wenyeji wa Australia au mashamba ya ng’ombe ya watu. Panapohitajika kibali, kiombwe mapema. Yeye ni Mswahili, anajua maana ya kupiga hodi.

Kama kijana ana majibu ya maswali haya, utagundua unazungumza na mtu mzima. Kama hana, hukuhitaji kumkataza. Mwambie tu, “Mwanangu, safari bado haijaiva. Ikiiva niambie.” Mara nyingi kijana mwenyewe ataahirisha, kwa sababu swali la tairi humfikia mtu mahali ambapo machozi ya mama hayafiki.

Mkubaliane saa, na iwe saa ya nani

Hapa familia nyingi hugombana bure. Julai, Adelaide iko mbele ya Tanzania kwa saa sita na nusu. Akivuka kuingia Queensland, saa zinaongezeka nusu, zinakuwa saba. Ongeza na lugha yetu: vijana walioko nje husema “saa nane” wakimaanisha ile nane ya Kizungu, wewe unasikia saa nane ya mchana. Mama anakaa roho juu saa sita nzima kwa sababu ya kuhesabu tu.

Kubalianeni saa za Tanzania kwa Kiswahili cha nyumbani, na ziandikwe. Mfano: “Nikifika Mungerannie nitatuma ujumbe kabla ya saa 6 mchana kwenu.” Hiyo kwa Adelaide ni saa 12:30 jioni, jua limeshazama, naye ameshaegesha.

Kisha wekeni saa mbili tofauti. Ya kwanza ni saa ya kuchelewa: ikipita, hufanyi chochote, maana pancha moja hula saa mbili na mtandao haupo. Ya pili ni saa ya kutafuta, tuseme kesho yake mchana. Ikifika bila habari, unampigia mtu wa Adelaide, naye anapiga vituo vya njiani kisha polisi. Katikati ya saa hizo mbili, simu yako iweke mezani. Simu yake isipopatikana, maana yake kubwa ni kwamba hakuna mnara.

Na uokoaji ukihitajika, upo. Huduma ya madaktari wa ndege ya Australia ilianza mwaka 1928 huko Cloncurry, Queensland, kwa juhudi za mchungaji John Flynn, kwa ajili ya watu wa nchi hiyohiyo ya mbali. Sisi Afrika Mashariki tunaifahamu kazi ya namna hiyo kupitia madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza Nairobi mwaka 1957. Lakini ndege haiwezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyejua kwamba amepotea.

Kuhusu baba yake na hiyo siri

Mama, siri hiyo usiibebe. Wala usiende kuimwaga leo usiku. Mpigie kijana umwambie: “Mwanangu, mimi sitamficha baba yako jambo ambalo likiharibika yeye ndiye atakayepigiwa simu. Nakupa mpaka Jumapili umwambie mwenyewe. Ukishindwa, nitamwambia mimi, na nitasimama upande wako.” Hapo umeondoa siri bila kumsaliti mtu.

Kwa mzee nako kuna lugha yake. Wanaume wengi wa rika letu hawakufundishwa kusema “naogopa”. Hofu ikiwajaa, inatoka kama amri: “Akienda asinipigie.” Usibishane na amri. Jibu hofu. Mwambie: “Baba fulani, najua unaogopa kupigiwa simu usiku. Hata mimi. Mtoto ameandika njia, maji na kila kitu. Naomba uikague wewe, maana mambo ya gari mimi siyajui.” Mpe karatasi. Mzee aliyewahi kuendesha gari Tunduru kabla ya lami ana mengi ya kumfundisha mtoto kuhusu kukwama. Akianza kuuliza, “Huyu amebeba spea ngapi?”, ujue amerudi.

Kama hatarudi upesi, mkumbushe neno lake moja tu: kumwambia mtoto “usinipigie” ni kumwondolea namba moja ya kupiga siku akiwa na shida. Sidhani kama ndicho anachokitaka.

Siku zile kumi

Usimtake atume picha mia kila siku. Anahitaji betri, na usiku wa baridi kali hupunguza nguvu ya betri. Ujumbe mmoja unatosha: nimefika, maji yapo, kesho naelekea mahali fulani. Sali kama ilivyo desturi yako. Fanya kazi zako. Usipokee kila hadithi ya kutisha ambayo jirani ameiona mtandaoni.

Akirudi salama, mpe saa nzima ya kukuonyesha picha zake. Usianze na “Sasa umefaidika nini?” wala “Lini utaoa?” Muulize ndege gani alimsumbua, alikaa muda gani kumsubiri, aliogopa wapi. Mtoto anayepokelewa vizuri akirudi, safari ijayo ataaga bila kulazimishwa.

Kwa sisi wenye watoto wadogo

Wazazi wenzangu ambao watoto wenu bado wanakwenda darasa la pili, msidhani hili haliwahusu. Tabia ya kuaga haianzi Australia. Inaanza mtoto anapokwenda dukani kununua chumvi: anakwenda wapi, anapita njia ipi, anarudi lini, na akichelewa atafanyaje. Mtoto anayeaga halafu kila mara anajibiwa “Huendi popote!” hujifunza jambo moja tu, kupita mlango wa nyuma. Mtoto anayeaga, akaulizwa maswali ya maana, akaruhusiwa anapostahili na kukataliwa kwa sababu anazozielewa, atakuwa kijana ambaye hata akiwa jangwani, kilomita 200 kutoka pampu ya mafuta, yupo mtu duniani anayejua alipo.

Wiki ijayo: binti wa kidato cha pili anayefunga mlango wa chumba chake kila akirudi shule. Uvunje, ugonge, au usubiri?